Pishi Mbili za Askari

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga, ni kwa sababu liko kwenye kamati. Kamati ya Jina la Taifa inakaa mwaka wa saba sasa, na mpaka itakapotoa taarifa tumeelekezwa tuseme "hapa kwetu". Basi hapa kwetu tuna televisheni moja, ya serikali, na kuitazama ni wajibu wa kila raia mwenye macho. Wasio na macho wanaruhusiwa kuisikiliza, kwa kibali.

Mimi ni Bi. Kibibi Matola. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja, na kazi yangu kubwa ilikuwa kusoma mashtaka kwa sauti ili mshtakiwa asije akasema hakusikia. Nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani na maneno mazuri, nikarudi nyumbani, nikawasha televisheni, na tangu siku hiyo sijaizima. Sina haja ya kuficha: mimi ni mgonjwa wa tamthilia. Nimewahi kumfokea msichana aliyekuwa ndani ya kioo asifungue mlango ule, akaufungua, nikamnunia siku tatu.

Lakini kabla ya tamthilia nilikuwa mgonjwa wa vitabu, na kitabu kilichonishika kuliko vyote ni riwaya ya Mwalimu Siwema, *Ghala la Sikudhani*. Nimeisoma mara kumi na nne. Ni hadithi ya mwaka wa njaa. Sikudhani ni mwanamke wa makamo, mwembamba, mkali, asiye na mume wala subira, anayetunza ghala la mahindi la kijiji. Njaa inapokaza, Mkuu wa Wilaya anaagiza ghala lisifunguliwe, kwa sababu Gavana anakuja na magunia yote yanatakiwa yaonekane yamejaa. Watu wanakufa huku mahindi yanamsubiri mgeni. Asubuhi moja Sikudhani anafungua ghala kwa mkono wake, anawapimia watu pishi kwa pishi mpaka jua linapinduka, kisha anakaa karibu na mzani kuwasubiri watakaokuja kumkamata. Sentensi ya mwisho inasema: "Alikuwa amebakiza pishi mbili za wale askari wawili, kwa sababu nao walikuwa na watoto."

Nikifika hapo naweka kitabu chini nalia. Nimelia mara kumi na nne na sioni haya kusema.

* * *

Siku moja Waziri wa Picha na Maelewano, Mheshimiwa Gaudensi Kilimba, alitokea kwenye kioo akiwa amevaa miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kuonekana anasoma. Alitangaza kwamba serikali itageuza riwaya ya Mwalimu Siwema kuwa tamthilia ya sehemu kumi na mbili. "Ndugu wananchi," alisema, "kitabu ni picha iliyokosa bahati. Serikali yenu sikivu imeamua kukipa kijitabu hiki bahati."

Nilifurahi mpaka nikamwaga chai. Halafu furaha ikapungua na wasiwasi ukaingia, kama kawaida yetu sisi wasomaji tukisikia kitabu chetu kinapelekwa kwenye televisheni. Unajua uso wa Sikudhani umekaa kichwani mwangu miaka ishirini, na sasa watu nisiowajua watanipa uso mwingine, na ule wa kwangu sitaupata tena.

Hapa nieleweke vizuri. Mimi si katika wale wasomaji wanaotaka kila koma ionekane kwenye kioo. Riwaya ina muda wa kukaa kitako. Tamthilia ina dakika arobaini na tangazo la sabuni. Anayehama nyumba habebi majivu ya jikoni. Ukitaka kumtoa yule shangazi wa sura ya tatu, mtoe, hakuwa na kazi. Ukitaka kuwaunganisha majirani wawili wawe mmoja, waunganishe. Na nakiri kuna mambo ambayo picha inayaweza kuliko maneno: mwigizaji mzuri akinyamaza vizuri anameza kurasa tatu za mwandishi, na msomaji hadai kitu. Ninachotaka mimi ni kimoja tu. Kile kitu kilichomfanya mwandishi aamke asubuhi akae mezani, kisiguswe. Kila kitabu kina kitu hicho kimoja, na vingine vyote ni nguo.

Kamati ya Ugeuzaji ilikuwa na wajumbe kumi na saba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesoma kitabu. Waziri alieleza kuwa hilo lilifanywa kwa makusudi, ili wajumbe wasiwe na upendeleo. Mihtasari ya vikao vyao ilisomwa kwenye televisheni kila Jumatatu, ndiyo maana naijua.

Walianza na njaa. Mjumbe mmoja alikumbusha kwamba hapa kwetu hakujawahi kuwa na njaa. Kumekuwa na vipindi vya hamu ya chakula. Njaa ikafutwa, ikaandikwa hamu. Kisha wakamfikia Mkuu wa Wilaya. Mtumishi wa umma hawezi kuwa mbaya katika tamthilia ya umma, hilo halikuchukua hata dakika tano. Lakini hadithi ikabaki haina mbaya, na mwongozaji akasema kwa unyonge kwamba bila mbaya sehemu kumi na mbili hazijai. Wakabishana wiki mbili. Mwishowe ubaya wote wa Mkuu wa Wilaya ukagawiwa panya. Yeye mwenyewe akawa kijana hodari anayewapiga vita panya wa ghala, na Sikudhani, ambaye kitabuni ana miaka hamsini na meno mawili yaliyong'oka, akawa binti wa miaka ishirini na miwili mwenye kope ndefu, katibu muhtasi wa Mkuu wa Wilaya.

Mdhamini alikuwa kampuni ya mafuta ya kupikia. Kwa hiyo wanakijiji wa kipindi cha hamu ya chakula walionekana kila sehemu wakikaanga.

Na wale askari wawili wa mwisho? Wizara ya Usalama ilileta barua. Ilisema kumbakizia askari mahindi kunaleta picha kwamba askari anaweza kuwa na njaa, na kwamba ana watoto, na kwamba anaweza kuhurumiwa na mtu ambaye yeye askari anakwenda kumkamata. Mambo yote matatu ni siri ya taifa. Askari wakahamishiwa kwenye harusi ya Sikudhani na Mkuu wa Wilaya, wakapewa kucheza ngoma.

* * *

Tamthilia ilirushwa kila Ijumaa saa kumi na moja jioni. Mtaa wetu mzima tuliitazama barazani kwa fundi viatu Pazi, kwa sababu kioo chake ni kikubwa na mke wake hachoki na wageni. Balozi wa nyumba kumi alikaa nyuma na daftari, akiweka alama mbele ya jina la kila aliyetazama, na alama nyingine kwa aliyecheka mahali pa kuchekea.

Sitaki kuwa mnafiki. Kulikuwa na kitu kimoja kizuri. Katika sehemu ya nne yule binti wa kope alifunga mlango wa ghala, akauegemea kwa mgongo, akakaa hivyo bila kusema neno huku watoto wanapiga kelele nje. Hakuna aliyemwandikia kunyamaza kule, naapa, kulikuwa kwake mwenyewe. Nikasema moyoni, huyu mtoto angepewa kitabu angetuua.

Yaliyobaki yalikuwa panya. Sehemu ya kwanza ilipokwisha, Pazi, ambaye hajasoma kitabu maishani mwake ila alama za soli, alizima kioo akanigeukia. "Bi. Kibibi," alisema, "kwani kwenye kitabu ilikuwaje?"

Nikamwambia. Watu waliokuwa wameanza kuondoka wakarudi. Nikawasimulia ile sura ya kwanza kama ilivyoandikwa, na nilipokosea nikamtuma mtu nyumbani akaniletee kitabu. Ijumaa iliyofuata hawakuinuka kabisa. Kioo kilipozimwa walitoa karanga. Jambo hili halikuwa la mtaa wetu peke yake. Hapa kwetu watu wana tabia ya kutoamini wanachoonyeshwa mpaka wamuulize jirani, na kila mtaa ulikuwa na mtu wake aliyesoma. Wakakiita kikao cha pili. Mimi nilikuwa naandika barua ya malalamiko Wizarani baada ya kila sehemu, na kwa sehemu zile mbaya zaidi barua tatu, mpaka zikafika ishirini na sita.

Wizara iliposhtuka ilikuwa imechelewa. Ilifanya uchunguzi nchi nzima, ikauliza raia nini kilitokea katika sehemu ya sita. Wanane kati ya kumi walijibu mambo ya kitabuni. Kuna mzee mmoja wa kaskazini aliulizwa habari za panya, akasema panya gani, nyinyi mmetazama kitu gani.

* * *

Ndipo ikaja Sheria ya Ulinganifu. Waziri aliieleza kwa upole, kama daktari. Alisema kazi yoyote ina rasimu na ina kazi yenyewe. Tamthilia ndiyo kazi yenyewe. Kitabu, ambacho kilitangulia tu kwa bahati mbaya ya kalenda, ni rasimu. Na kila ofisi inajua kwamba kazi ikikamilika rasimu huharibiwa, isije ikaleta mkanganyiko. Nakala zote za *Ghala la Sikudhani* zingepelekwa ofisi za kata, zikusanywe, zisagwe, zifanywe trei za mayai.

Ila serikali yetu haionei mtu. Sheria ilitaka kwanza apatikane Shahidi Msomaji, raia anayejulikana kuwa amekisoma kitabu, alinganishe kitabu na tamthilia hadharani, kisha atie sahihi kwamba ni sawa. Bila sahihi yake kitabu kinabaki kitabu. Wakatafuta kwenye mafaili ni raia gani mwenye ushahidi wa maandishi kwamba amesoma. Wakakuta barua zangu ishirini na sita.

Gari la Wizara lilikuja mchana, jeupe, na kijana mmoja mwenye tai akanipa pongezi kwa uteuzi. Nilimshukuru. Nikamwomba nakala ya sheria, akashangaa, akasema hakuna aliyewahi kuiomba, lakini akaitafuta chini ya kiti akanipa.

Kabla ya kuisoma nilikwenda kwa Mwalimu Siwema. Nilikuwa sijawahi kumwona. Ana miaka themanini na mmoja, anakaa chumba cha uani kwa mpwa wake, na nilimkuta anachambua mchele kwa vidole kwa sababu macho yamepungua. Nilijitambulisha kwa jina, na kwamba ni msomaji. Akasema karibu, muda mrefu hajatembelewa na msomaji, wanakuja watazamaji tu. Nakala yake mwenyewe ya kitabu ilichukuliwa na watu wa televisheni ikapigwe picha ya jalada, na haijarudi.

Nilimuuliza kwa nini aliwakubalia. Nilimuuliza kwa ukali, nami najuta.

"Walikuja vijana wastaarabu, wakanywa chai," alisema. "Nikawaambia, badilisheni mvua, badilisheni nguo, hata mume mpeni mkitaka. Niliwaomba kitu kimoja tu, mwanangu. Wale askari wapewe mahindi yao. Sentensi ile ndiyo niliyoiandika kwanza. Kurasa nyingine zote ni njia ya kuifikia."

Nilimwambia sitakwenda. Nitasema naumwa. Akatikisa kichwa, akasema nikikataa watamtafuta mwingine ambaye hajakisoma, naye atatia sahihi kabla hajakaa kitini. Kisha akanishika mkono, mkono wake umejaa unga wa mchele.

"Nenda," alisema. "Lakini usitie sahihi kwenye uongo, Kibibi. Mimi sina muda tena wa kukiandika upya."

Nilitoka pale nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwa mahakimu. Niliona waziwazi: trei za mayai, na mwanamke huyu yu hai, anachambua mchele.

Nyumbani nilivaa miwani nikaisoma ile sheria mwanzo mpaka mwisho, jambo ambalo ni wazi hakuna hata mmoja wa walioiandika aliyelifanya. Katika kifungu cha tisa nikakaa sawa kwenye kiti. Kilisema: "Shahidi atakilinganisha kitabu chote na tamthilia, mbele ya taifa, na mpaka atakapokamilisha kulinganisha, matangazo hayatakatwa wala mtu yeyote hataondoka ukumbini." Kifungu hicho alikiongeza Waziri mwenyewe. Katika uzinduzi wa sheria iliyotangulia, wageni waliondoka mara tu soda zilipogawiwa, na kamera zikabaki zinaonyesha viti.

* * *

Sherehe ilifanyika Ukumbi wa Maelewano, saa tatu asubuhi, nchi nzima ikitazama kwa lazima. Mbele walikaa wajumbe kumi na saba, waigizaji waliovaa nguo za harusi ya mwisho, na mdhamini. Milangoni walisimama askari. Waziri alihutubia muda wa kutosha kuchemsha maharage. Alisema leo taifa linakiaga kijitabu kwa heshima, kwamba kusoma kulikuwa na wakati wake, na kwamba raia wa kisasa anastahili kujua mambo bila kuyafungua.

Kisha akaniita, akanikabidhi fomu na kalamu. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja, kimeandikwa *Sawa*. Pembeni waliweka kioo kikubwa kilichoonyesha jalada la kitabu na picha ya harusi, bega kwa bega, ili nilinganishe. Walikuwa wametenga dakika tano.

Nilikwenda kwenye kipaza sauti nikasema kwa ile sauti yangu ya mahakamani kwamba fomu inasema "baada ya kulinganisha", nami bado sijalinganisha.

"Linganisha, mama, linganisha," alisema Waziri, akicheka na kamera. "Usione haya."

Nikatoa kitabu kwenye mkoba, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaanza kusoma. Ukurasa wa kwanza walinipigia makofi. Wa pili pia, kidogo. Nikimaliza kila tukio nilikuwa natua, nasema tofauti yake na ilivyoonyeshwa, kama sheria inavyotaka: hapa kitabuni hakuna panya, hapa kitabuni anayekohoa ni mtoto, kwenye tamthilia ni injini ya trekta. Kufika ukurasa wa tisa Waziri akaja pembeni yangu akaniuliza kwa mdomo uliofumbwa kijitabu kina kurasa ngapi.

Nikamjibu kwenye kipaza sauti. "Mia mbili na kumi na nne, Mheshimiwa."

Alimtazama mwanasheria wa Wizara. Mwanasheria alifungua sheria, akakifikia kifungu cha tisa, akakisoma, akafunga, akaanza kufuta miwani yake. Aliifuta kwa muda mrefu sana. Waziri akapendekeza, kwa faida ya taifa, nisome ukurasa mmoja nikiruka kumi. Nikamwambia mimi ni karani, si hakimu, siwezi kuchagua. Lakini kama Mheshimiwa anaagiza tuvunje sheria yake, aseme hapa, taifa lisikie, nami nitakaa. Jasho lilimtoka mpaka kwenye miwani ya pili. Alisema serikali inaheshimu sheria zote, hasa zake, akarudi kukaa.

Saa sita mdhamini aliomba kwenda msalani. Askari wa mlangoni akamsomea kifungu.

Sitasema nilikuwa jasiri. Miguu iliwaka moto, sauti ilianza kukwaruza, na kuna mahali maandishi yalinicheza nikarudia mstari mara mbili. Lakini kitu kilitokea kuanzia ile sura mtoto wa jirani anapokufa mchana kweupe, mbele ya ghala lililojaa. Mpaka hapo ukumbi ulikuwa unakohoa na kupiga miayo. Hapo ukanyamaza. Mjumbe mmoja wa kamati, mwanamume mzima, aliuliza kwa sauti kama Sikudhani ataufungua mlango au la, mwenzake akamwambia nyamaza tusikie. Waigizaji walivua kofia zao za harusi. Pazi aliniambia baadaye kwamba barazani kwake balozi wa nyumba kumi alisahau kuweka alama hata moja, na kwamba soli aliyoishika saa tatu asubuhi bado alikuwa ameishika saa tisa.

Saa kumi na nusu nikaufikia ukurasa wa mwisho. Nilikuwa nimejiapiza sitalia, kwa sababu karani halii. Nikasoma Sikudhani akiupima mgao wa mwisho, akifagia punje zilizodondoka, akikaa karibu na mzani. Nikasoma ile sentensi ya wale askari wawili. Nililia, na sentensi niliimaliza.

Hakuna aliyepiga makofi. Yule binti wa kope ndefu aliinuka pale alipokaa. Alikuwa ameshajifuta uso wote kwa mkono, na rangi zimechanganyikana. "Mbona hamkunipa hii?" aliwauliza wale wajumbe kumi na saba. "Mimi hii ningeiweza." Wakainama, wengine wakajifanya wanatafuta kitu chini ya viti.

Nikachukua fomu. Nikasema nimekilinganisha kitabu chote na tamthilia, kama sheria inavyoagiza, na si sawa.

Waziri alisimama. Sauti ilikuwa imempotea, yeye ambaye hakuwa amesoma hata mstari. "Fomu haina sehemu ya si sawa," alisema.

"Basi, Mheshimiwa, nitaisubiri itakayokuwa nayo."

Nikaiweka kalamu mezani.

* * *

Nilishtakiwa kwa kulichelewesha taifa. Shtaka hilo halikuwepo, likatungwa jioni ileile, na nilimsahihisha karani kijana aliyenisomea kwa sababu aliruka tarehe. Sikupewa kifungo, maana kifungo kina mwisho. Nilipelekwa Nyumba ya Tafakuri, nikae huko mpaka nitie sahihi.

Walionipeleka ni askari wawili, walewale waliosimama mlangoni mwa ukumbi tangu asubuhi. Tulikaa nyuma ya gari. Tulipopita daraja la mjini yule mkubwa wao akavua kofia akaiweka gotini.

"Mama," aliniuliza, "wale askari waliyachukua yale mahindi?"

Nikamwambia kitabu hakisemi. Kinaishia anawasubiri.

Alifikiri mpaka tukafika getini. Kisha akasema yeye angeyachukua, na mwenzake akasema, angeyachukua halafu angemwachia yule mama aende zake. Wakaanza kubishana kama hilo linawezekana, mmoja akishika mkoba wangu na mwingine akinishusha kwa mkono, na bado walikuwa wanabishana nilipofungiwa mlango.

Huu ni mwezi wangu wa tano humu ndani. Kisheria kitabu bado ni kitabu, kwa sababu sahihi haijapatikana, na ofisi za kata zimeagizwa zisubiri. Nasikia nakala zinapita mikono kwa mikono mpaka zimeota vitambaa kwenye migongo. Nasikia pia yule binti wa kope ameacha Wizara, anazunguka na wenzake wanaigiza sura ya mwisho kwenye viwanja vya shule, bila kamera, na kwamba Mwalimu Siwema alipelekwa kuiona kwa baiskeli ya mpwa wake. Alikalishwa mstari wa mbele. Wakati wa pishi mbili walimpa yeye azipime.

Mimi huletewa fomu kila tarehe mosi. Ni ileile, ina kisanduku kimoja. Naipokea kwa adabu, nasema sheria inataka nilinganishe kwanza, na kwa kuwa kifungu cha tisa hakijafutwa, maana kukifuta kunahitaji Waziri akiri alikiandika, inabidi wafungwa wote, walinzi na wapishi wakusanyike uani na milango ifungwe. Kila tarehe mosi. Nilidhani watachoka kabla yangu. Badala yake mwezi uliopita niliona walinzi wa zamu ya mapumziko wamekuja na sare zao ili nao wafungiwe uani.

Leo asubuhi mkuu wa gereza ameniletea fomu mwenyewe. Hakunitazama usoni. Alisema mwezi uliopita aliitwa kwenye simu wakati wa sura ya tano, hivyo kama sitajali, nianzie hapo.

Nikamwambia hapana, kulinganisha huanzia ukurasa wa kwanza. Akavuta kiti.